Sauti Kutoka Kisimani

Watu wa Yamumbi, mtaa ulio pembeni mwa Eldoret, walipoiona ambulensi ikipinda kona ya kanisa walianza kupunga mikono, huyu anaelekeza kushoto, yule anaelekeza kulia, mpaka dereva Wesonga akashusha dirisha akawauliza kama walikuwa wanaelekeza au wanaaga. Ndivyo tulivyo, jameni. Jambo likitokea kila mtu anataka aonekane amesaidia, na simu za kupiga picha hazikosekani. Jepchumba, mhudumu wa wagonjwa aliyeketi kando yake, hakucheka. Alikuwa ameshavaa glavu. Walikuwa wameambiwa kwa simu kwamba mtu ameanguka kisimani, na kwa miaka yote aliyofanya kazi hii, mtu wa kisimani alikuwa mtu wa mgongo au mtu wa shingo. Njiani alikuwa amejipangia ubao wa kumlazia, kola ya shingo, na wanaume wa kuomba wavute kamba.

Huyu hakuwa ameanguka.

"Alishuka mwenyewe," mwenye ploti alimwambia huku akikimbia kando yake. Alikuwa mwalimu, jina lake Nyaguthii, ndiyo kwanza ameanza kujenga hapo. "Alishuka tu kuwasha pampu, ilikuwa imezima. Aki ya Mungu, daktari, ni pampu tu alikuwa anawasha."

Jepchumba hakuwa daktari, lakini watu wakiona nguo za ambulensi hawachagui maneno. "Na pampu iko wapi?"

"Iko ndani."

"Ndani ya kisima?"

"Ndani, ndiyo. Si huko ndiko maji yako?"

Hapo Jepchumba akaelewa. Ilikuwa Februari, jua limekausha visima vya mtaa mzima, na kila mwenye kisima alikuwa anatafuta mtu wa kumwongezea kina. Ili uongeze kina lazima kwanza uyatoe maji machache yaliyobaki chini. Sasa, pampu ya petroli ukiiweka juu kwenye nyasi haina nguvu ya kuvuta maji kutoka mbali hivyo. Kwa hivyo mafundi wetu wanafanya wanavyofanya siku zote: wanachonga kishubaka kwenye ukuta wa kisima, juu kidogo ya maji, wanaiteremsha pampu kwa kamba, na kuiwasha humo humo. Moshi wote unabaki shimoni. Wengi wamefanya hivyo, wakapanda juu salama, wakanawa, wakala ugali wao. Ndiyo maana hawaachi.

Penye mdomo wa kisima alikuwa amepiga magoti mwanamume mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, shati limelowa jasho, ameshika kipande cha kioo cha kabati. Wachimba visima hawana haja na tochi wakati jua liko. Mmoja anabaki juu na kioo, analinasa jua na kulitupa chini, na mwenzake anachimba kwenye mwanga huo. Huyu wa kioo aliitwa Kigen. Aliyekuwa chini ni kaka yake, Kipyego, fundi aliyejulikana kutoka Kiplombe mpaka Kapsoya, na walikuwa wamefanya kazi hii pamoja tangu Kigen aache shule.

"Anapumua," Kigen alisema bila kuinua kichwa. "Njoo uone mwenyewe. Anapumua."

Jepchumba akalala kifudifudi, akachungulia. Mwanga wa kioo ulikuwa unacheza kule chini, ukatulia, na hapo akamwona. Kipyego alikuwa ameketi ndani ya maji yaliyomfika kifuani, mgongo umeegemea ukuta, kichwa kimelalia bega, kofia yake ya sufu bado iko kichwani. Halafu ukasikika mkoromo, mzito na wa polepole, kama wa mtu aliyelala baada ya kulima kutwa. Alikuwa hai. Jepchumba alifurahi, na papo hapo akaogopa kuliko alivyokuwa ameogopa njiani. Mungu anisamehe, aliwaza, ingekuwa rahisi kama angekuwa ameshakufa. Maiti inaweza kungoja zimamoto.

"Kuna mwingine ameshuka?"

"Hakuna. Nilikuwa naenda, huyu mwalimu akanishika shati, akasema tungoje nyinyi." Kigen akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Sasa mmefika. Nifungeni kamba."

"Hakuna mtu anashuka."

"Unasema?"

"Moshi wa pampu umejaa huko chini. Ukishuka utavuta pumzi chache tu, miguu itaisha nguvu, utamwangukia. Zimamoto wameshaitwa, wanakuja na mitungi yao ya hewa ya kuvaa mgongoni. Wao ndio watashuka."

Kigen alimtazama asiamini. Watu waliokuwa wamesimama nyuma yao wakaanza kunung'unika, na Wesonga, ambaye ana mwili wa kutosha kuziba mlango, akaanza kuwarudisha nyuma. Jepchumba aliulizia kwa simu zimamoto wamefika wapi. Wako njiani, akajibiwa. Sisi wa Eldoret tunalijua vizuri hilo neno. Barabara ya Uganda malori yalikuwa yamesongamana siku hiyo tangu asubuhi, na hata ambulensi yenyewe ilikuwa imepenya kwa kupanda ukingo wa barabara.

Hapo ndipo akajitokeza jirani mmoja, Muchiri, mzee wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameshika mshumaa ndani ya mkebe uliofungwa uzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshuhudia visima vikichimbwa tangu ujana wake na alijua kipimo cha watu wa visima: mshumaa ukizima, hewa hakuna, mshumaa ukiendelea kuwaka, shuka. Akauteremsha taratibu. Mshumaa ukashuka, ukashuka, ukapita kishubaka cha pampu, ukaning'inia karibu na kofia ya Kipyego. Ukaendelea kuwaka vizuri kabisa.

"Haya!" Muchiri alisema. "Si mnaona? Hewa iko!"

"Hewa iko!" watu wakapokea. "Mwacheni kijana ashuke! Wachana na hao wa ambulensi!"

"Mzee, toa huo mshumaa," Jepchumba alisema. "Sumu ya moshi wa injini haizimi moto. Mshumaa unaweza kuwaka na mtu akafa kando yake."

"Binti yangu, mimi nimeona visima vingi."

"Najua, mzee. Nakuomba tu, utoe."

Alisema hivyo kwa sauti imara, lakini ndani hakuwa imara hata kidogo. Hakuwa na kifaa cha kupimia hewa. Ambulensi yao haikuwa nacho. Alichokuwa nacho ni mafunzo tu, na maneno ya mwalimu wake aliyezoea kuwaambia kwamba shimo linaloua mmoja huwa linangoja wa pili. Huenda moshi ulikuwa umepungua. Mdomo wa kisima ulikuwa mpana, upepo ulikuwa unavuma kidogo. Huenda kijana mwenye nguvu angeshuka, akafunga kamba, akapanda. Huenda. Na Kigen, ambaye hakuwa mjinga, alilisema lile ambalo Jepchumba alikuwa analiogopa.

"Daktari, sikiza. Kama yeye anapumua huko, mimi nitashindwaje kupumua?"

"Yeye ameketi tu. Wewe utakuwa unabeba mtu. Kadiri unavyohema ndivyo unavyoivuta hiyo sumu."

"Nitaziba pumzi."

"Kigen, hakuna mtu anaweza kuziba pumzi akamfunga kamba mtu mzima aliyezimia ndani ya maji. Hata wewe."

Kigen akauma midomo, akarudisha macho kwenye kioo. Kule chini mwanga ukawa unatetemeka juu ya uso wa kaka yake.

Walijaribu kuteremsha kamba yenye kitanzi, wakimwita Kipyego aishike. Kitanzi kilimgusa shavu, kikamgusa bega, wala hakusogeza kidole. Ndipo Jepchumba akafanya uamuzi wake wa pili wa siku hiyo. Alimwambia Wesonga alete mtungi wa oksijeni.

Wesonga akamvuta kando. "Dada, hiyo ndiyo mtungi pekee tuko nayo. Tukiitupa kwa shimo halafu tupate mama mjamzito hapo mbele?"

"Mgonjwa wangu ni huyu. Lete."

Alihakikisha mshumaa umetolewa na kuzimwa. Wakaufunga mtungi kwenye kamba ya ndoo, akaufungua mpaka mwisho, mrija wake akaufunga uelekee chini, na yeye na Kigen, wamelala kifudifudi bega kwa bega, wakauteremsha mpaka ukaning'inia usoni pa Kipyego. Muungurumo wa hewa ulisikika kwa mbali. Kigen alikuwa anashika kioo kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, na alikuwa akisema na kaka yake kwa Kinandi, maneno madogo madogo ya kumbembeleza. Jepchumba naye ni Mkalenjin, aliyaelewa yote, na alitamani asingeyaelewa.

Walikaa hivyo kwa muda. Mkoromo ukabadilika, ukawa mwepesi. Kisha kichwa cha Kipyego kikasogea, kikainuka kidogo kutoka begani. Jepchumba aliliona hilo kwa macho yake, akataka kupiga kelele kwa furaha. Inafanya kazi! Jameni, inafanya kazi!

"Kigen," Kipyego akasema.

Hakulisema kwa nguvu. Aliliita tu, kama mtu anayeita ndugu yake aliye chumba cha pili. Nyuma yao watu walikuwa wanabishana na Wesonga, mtu mmoja anapiga honi ya bodaboda, na hakuna aliyesikia isipokuwa hao wawili waliolala ukingoni. Ile hewa ya Jepchumba ndiyo iliyompa sauti.

Kigen aliitika kwa ukelele, akaruka. Kioo kikamtoka mkononi kikaanguka ukingoni, na kamba ya mtungi ikabaki kwa Jepchumba peke yake. Kabla hajajua la kufanya, Kigen alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye vishimo vya kukanyagia vilivyochongwa ukutani. Jepchumba akaizungusha kamba upesi kwenye gogo lililokuwa kando yake, akajitupa, akaukamata mguu wa pili, akaukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Wesonga! Wesonga, njoo!"

Wesonga akaja, na wanaume wengine watatu. Wakamwinua Kigen wakamlaza chini. Alipigana nao. Alimpiga Wesonga ngumi ya mdomo mpaka damu ikatoka. "Ameniita!" alikuwa analia. "Kaka yangu ameniita! Mmesikia? Jameni, ameniita!"

Wale wanaume walitazamana. Jepchumba aliiona mikono yao ikilegea. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kuinuka, akisema kama mtu ameita basi yuko macho, na kama yuko macho ni dhambi kumzuia ndugu yake. Wote wakamgeukia mwenye nguo za ambulensi, wakingoja neno. Kigen naye akamgeukia.

"Daktari, ulikuwa hapo. Waambie. Umesikia."

"Sijasikia mtu akiita," Jepchumba alisema. "Kigen, pole. Kaka yako ameshafariki. Hiyo ilikuwa hewa tu inatoka kifuani. Hutokea."

Alilisema waziwazi, bila kugugumia, kwa ile sauti ya upole ambayo hufundishwa. Mikono ya wanaume ikakaza tena. Kigen akamtazama, mdomo wazi, akalaza shavu mchangani. Hakupigana tena.

Nyaguthii ndiye aliyekiokota kioo. Alikuwa hajui kukishika, akahangaika kulitafuta jua, mwanga ukapiga ukuta huu, ukapiga ukuta ule. Jepchumba alirudi ukingoni, akamwelekeza, kushoto kidogo, chini kidogo, hapo. Mtungi ulikuwa bado unaning'inia na kuunguruma. Chini yake hapakuwa na uso tena. Palikuwa na maji, na kofia ya sufu ikielea.

Baadaye alijiambia mara nyingi jinsi ilivyokuwa. Kipyego alizinduka kidogo, akajaribu kusimama, au kuifuata sauti ya ndugu yake, akateleza ukutani. Mtu aliyezimia kabisa asingeteleza. Na kwa kuwa kioo kilikuwa kimeanguka, aliteleza gizani, hakuna aliyemwona.

Zimamoto walifika. Walikuwa na mitungi yao mgongoni na vinyago usoni, wakamtoa upesi na kwa heshima, wala hapana wa kuwalaumu. Malori hawakuyaleta wao. Jepchumba alimpokea kwenye nyasi, akamtoa maji kinywani, akamkandamiza kifua, akampulizia hewa kwa mfuko wa kusaidia kupumua, akakandamiza tena mpaka viganja vikamuuma, na Wesonga, mdomo umevimba, akampokea, wakapokezana. Mtu wa zimamoto aliyepanda kutoka chini alivua kinyago akasema kifaa chake cha kupimia hewa kilikuwa kimelia muda wote aliokuwa kisimani. Kwa hivyo sumu ilikuwepo. Mwenye kushuka angekufa. Jepchumba alilisikia hilo akiwa amepiga magoti, na halikumpunguzia kitu. Aliendelea kukandamiza mpaka Wesonga akamshika mkono.

Walimzika Kipyego kwao Kiplombe. Jepchumba hakwenda. Alimtuma Wesonga, ambaye alirudi na habari kwamba watu walikuwa wengi, mahindi yalichemshwa, na mama wa marehemu hakulia mbele za watu hata kidogo. Kazini walimsifu. Mkubwa wao, Johnstone, mtu ambaye hamsifu mtu ovyo, alimwita mbele ya wenzake akasema kwamba siku ile kungekuwa na majeneza mawili, labda matatu, na kwamba hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Wenzake wakapiga makofi. Jepchumba akasema asante. Hakuna aliyemuuliza kuhusu sauti, kwa sababu hakuna aliyejua kuna sauti ya kuulizwa.

Kumzuia Kigen hakujutia. Nataka hilo lieleweke, kwa maana kuna watu wakisikia habari hii wanadhani aliona haya kwa sababu hiyo. Angemzuia tena kesho. Kilichomla ni lile jingine, ule uongo. Akiosha vyombo jioni alikuwa anasikia jina likiitwa, polepole, bila haraka, akawa anayaacha maji ya bomba yakimwagika bila kujua. Mumewe alimuuliza kuna nini. Akasema ni uchovu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza Kigen alipokuja. Ilikuwa asubuhi, ambulensi imeegeshwa stendi yao, Jepchumba anapanga vifaa kwa nyuma. Aliposikia mtu anabisha hodi kwenye mlango wa gari aligeuka, akamwona amesimama na koti la kanisani, amekonda, viatu vina matope.

"Chamgei, daktari," alimsalimu kwa Kinandi.

"Chamgei mising, Kigen." Akatelemka. Hakujua aweke wapi mikono yake. "Habari ya nyumbani? Mama anaendeleaje?"

"Mama yuko. Sijakuja na ubaya, usiogope. Wesonga mwambie nimekuja kuomba msamaha kwa ile ngumi." "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu."

Jepchumba alikijua kabla hakijatoka.

"Mimi namsikia kaka yangu akiniita," Kigen alisema. "Nikilala namsikia. Nikiwa nalima namsikia. Nimemwambia mchungaji, ameniombea, akaniambia huzuni ina sauti zake. Nimemwambia mke wangu, akaniambia, si daktari alisema ni hewa? Kila mtu ananiambia hivyo. Siku ya mazishi mama aliniuliza, kaka yako hakusema kitu huko chini? Hakumwita mtu? Nikamwambia hapana, mama. Kwa sababu wewe ulisema hapana." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Sasa nataka uniambie. Kama ni kichwa changu kimeharibika, niambie, nitaenda hospitali wanitibu, sina aibu. Wewe tu ndiye ulikuwa pale. Ulisikia ama hukusikia?"

Mhudumu wa ambulensi hufundishwa mambo mengi: damu inavyozuiwa, mtoto anavyopokelewa njiani, nani wa kubebwa kwanza. Hakuna aliyemfundisha hili. Akimwambia hapana, Kigen angeendelea kudhani ni mwendawazimu, aende akamezeshwe vidonge vya kumnyamazisha ndugu yake. Akimwambia ndiyo, angejua kwamba kaka yake alikuwa hai, alikuwa anamwita, na yeye alikuwa amelazwa mchangani, na kwamba hata kule kuacha kupigana kulitokana na uongo. Mtu anaweza kurudi nyumbani na neno kama hilo akajidhuru. Jepchumba alimtazama macho, akautazama mkono wake, akamtazama kama mgonjwa, ndiyo mazoea, akitafuta dalili ya lipi lingemwua. Hakuiona.

"Alikuita," alisema. "Alisema Kigen. Mara moja. Nilimsikia kama ninavyokusikia wewe sasa."

Kigen akaacha kuizungusha kofia.

"Nilidanganya. Wale wanaume walikuwa wanakuachilia, niliiona mikono yao. Ningesema ameita, ungeshuka, na ungekufa juu yake. Sikuwa na neno lingine la kukuzuia. Nisamehe, ndugu yangu. Ama usinisamehe. Lakini kichwa chako hakina shida yoyote."

Alingoja matusi. Alingoja hata ngumi, na alikuwa ameshaamua kutoikwepa. Kigen aliketi kwenye kidato cha nyuma cha ambulensi, akajifunika uso kwa kofia, akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, pale stendi, watu wakipita na mizigo yao na kugeuza shingo. Jepchumba akaketi kando yake. Naye machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Kwa hivyo sina wazimu," Kigen alisema baadaye.

"Huna."

"Alikuwa hai wakati mmenishika."

"Alikuwa hai."

Kigen akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akatoa simu mfukoni, akaipangusa kwenye koti, akapiga. Mama yake alipokea kwa sauti ya juu kama wazee wengi wanavyofanya, kana kwamba simu yenyewe ndiyo kiziwi, hata Jepchumba alimsikia kila neno. Alimuuliza kama ameshakula. Alimuuliza kama mvua inanyesha huko mjini. Kigen akangoja mpaka akamaliza.

"Mama, uliniuliza kama Kipyego alisema kitu. Nilikwambia hapana. Alisema. Niko na daktari hapa, naye alisikia."

Jogoo aliwika huko Kiplombe, akawika tena.

"Alisema nini?"

"Jina langu, mama. Aliniita."

Kigen akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Sauti ya mama yake iliporudi haikuwa ya juu tena.

"Na wewe," alimuuliza, "ulimjibu?"

Kigen akamtazama Jepchumba, na Jepchumba hakuweza kuyaondoa macho.

"Nilimjibu, mama," alisema. "Nilimwambia nakuja."